Meza ya Pili, Barabara ya Nane

Shangazi Mwanaheri hakutaka kuja.
"Vya Mgiriki nimekula vya kutosha,
miaka kumi na tisa ya vumbi la singa,
mpaka leo linanipigia filimbi kifuani."
Nikamtajia bei.
Bei ndiyo iliyomvalisha baibui.

Basi tumekaa Ngamiani, kati ya fundi baiskeli
na duka la vitenge vya mkopo.
Meza mbili nje, nne ndani,
kitambaa cha plastiki chenye miraba ya buluu,
na ubao wa chaki:
pweza wa mkaa elfu sita,
maharage makubwa kwa nyanya elfu tatu,
mkate bure.
Mstari wa mkate Shangazi kausoma mara mbili,
kama anayetafuta mwiba kwenye jani.

Stamatia ndiye mpishi, ndiye mhudumu.
Kazaliwa Muheza; akisema, utadhani wa Chumbageni.
"Mtindi huu nimeuchuja kwa leso,
tango nimelikuna asubuhi."
"Thomu umetia?"
"Nimetia, bibi."
"Hukutia. Umeinusisha."

Pweza akaja, ncha za mikono zimeungua vizuri,
mafuta yanang'aa, ndimu pembeni,
na juu yake majani makavu yaliyofikichwa.
Shangazi hakutafuna.
Aliinamia sahani, akavuta pumzi
ndefu kuliko kifua chake kinavyoruhusu.

"Harufu hii naijua.
Siku ya mshahara tulipanga foleni
chini ya dirisha la jiko la bwana,
kipande mkononi, tumbo tupu,
nayo ikitoka, ikitushukia vichwani.
Miaka yote nilidhani ni dawa ya nondo."
Kisha akatia kinywani.
"Kumbe kilikuwa chakula."

Stamatia alikuwa amesimama na jagi.
Hakusema babu yake nani,
wala hakuulizwa.
Akamimina maji, yakafurika kidogo,
akaingia ndani, akatoka na kisahani
ambacho hatukuagiza: zeituni.
Shangazi kauma moja, uso ukakunjamana.
"Zambarau iliyofiwa," akasema.
Kauma ya pili. Kauma ya sita.

Hesabu ilipokuja nilitia mkono mfukoni;
akaudaka kwa ule wake wenye makovu membamba.
Noti akazitoa mwenyewe,
akazilaza mezani moja moja.
"Hesabu, mwanangu, kwa sauti.
Kwetu tita likipungua, siku haiandikwi."
Stamatia akahesabu. Fundi baiskeli naye akaacha nyundo.
"Imetimia."
"Basi andika."
Kitabu cha risiti hakuna; akachana karatasi ya daftari:
*meza ya pili, imelipwa yote.*

Shangazi aliikunja mara nne,
akaifutika kifuani, penye filimbi.
Tulitembea hadi Barabara ya Kumi na Mbili bila neno,
ndipo akasimama kurekebisha kiatu.

"Thomu aongeze.
Jumamosi nitakuja kumwonyesha."