Nusu ya Penseli

Kila Februari wanakuja na madaftari yao,
wanakung'uta theluji mlangoni pangu,
wanakunywa chai yangu, kisha wanauliza lile lile:
Bibi Milda, nani alimuua Arvids Strautmanis?

Nawaambia kaeni. Biskuti zimo kwenye kopo.

Alizaliwa Jelgava, nyuma ya kiwanda cha sukari,
baba mchochea tanuri, mama mshona magunia.
Herufi alizisoma kwanza kwenye gunia,
ndiyo maana, alisema, hadi uzeeni
neno likimvutia alilionja ulimini kabla ya kuliandika.
Akawa mkubwa. Mkubwa wa kualikwa na mawaziri,
wa wavulana wa sokoni kukariri matusi ya wahusika wake,
wa wanawake kuwaita paka wao Dzidra,
yule mjane wa kitabu cha pili, asiyesamehe.
Mkubwa, na deni kwa muuza mkate.
Jina lilivuma, paa lilivuja.

Mimi nilimpigia chapa miaka kumi na tisa.
Mashine yangu ilikuwa na herufi moja kilema,
na vitabu vyote vikachechemea nayo
hadi Riga.

Sasa usiku wenyewe.
Theluji ilikoma saa mbili. Andikeni hilo.
Saa nne Bwana Kirsons wa dukani
alimuuzia penseli moja, ya kijani,
akamwona anatoka akicheka peke yake.
Alfajiri wavuvi wakamkuta katikati ya mto Lielupe,
juu ya barafu, ameketi kwenye kreti tupu,
kofia magotini, macho wazi,
kama mtu anayesubiri zamu kwa kinyozi.
Na theluji iliyomzunguka ilikuwa safi,
safi kama karatasi: hapakuwa na wayo,
si wake, si wa mbwa.

Polisi waliandika: moyo.
Kana kwamba moyo unajua kutembea bila nyayo!
Kinyozi alisema sumu. Mkewe hakusema kitu, alifunga mapazia.
Mwenye hoteli akaanza kuuza vipande vya ile kreti,
na nimehesabu: kreti ile imeshatoa mbao
za kujengea kanisa.
Lisemwalo lipo, wanasema;
lakini hapa yalisemwa mengi
hata lililopo likakosa pa kukaa.

Mimi waliniita kuitambua maiti.
Katika mfuko wa kushoto nikaikuta penseli ya kijani,
imechongwa kwa kisu.
Imebaki nusu.

Nusu, mnanielewa?
Saa nne mpya, alfajiri nusu.
Mkono wake naujua: nusu ya penseli ni kurasa arobaini,
hamsini akiwa na hasira.
Nyinyi mnatafuta muuaji.
Mimi miaka yote hii natafuta karatasi.
Ndani ya saa ya ukutani, hamna.
Chini ya godoro la mkewe (ndiyo, nilifunua), hamna.
Aprili barafu ilipopasuka nilisimama darajani siku mbili
kama mtu aliyeahidiwa barua.

Na kwa kuwa nimezeeka, chukueni na hili:
yeye hakujua kumaliza. Aliogopa miisho
kama wengine wanavyoogopa ngazi za giza.
"Milda," angesema, "funga wewe mlango, mimi nasikia baridi."
Nikafunga. Vitabu vitatu.
Ile sentensi ya mwisho ya Dzidra
mnayoichonga kwenye mawe ya makaburi
niliiandika mimi, Jumanne moja,
viazi vikiungua jikoni.

Kwa hiyo msinitazame hivyo, kalamu juu.
Najua mnachotaka. Ningeweza:
mistari minne, mtu mmoja gizani, wivu kidogo,
na kesho Riga nzima ingelia.
Milango mitatu nimeifunga kwa jina lake.
Huu wa nne nauacha wazi,
baridi na iingie.

Ongezeni chai.
Mkizipata karatasi zile
nileteeni kabla ya polisi.
Mashine iko pale dirishani, na utepe wake ni mpya;
huwa naununua kila Februari.