Kamera ya Kuanguka Nayo

Duka la Kaggwa liko ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti,
mtaa wa Wilson, Kampala, kati ya fundi simu na msusi.
Ameniwekea tatu juu ya kioo cha kaunta,
ndogo, nyeusi, kama sabuni za hotelini.
"Hii ina skrini pana, nyabo. Utajiona."

Sihitaji kujiona.
Ninaporuka, kamera hukaa utosini
na kichwa ndicho kinacholenga:
nikiushangaa mto, nimerekodi mto,
nikigeuka kuutafuta uwanja, nimempoteza mteja.

Naipima kwa kiganja, kisha kwa shingo.
Kaggwa hajui gramu mia ni nini
mwavuli unapofunguka, mwili wote ukavutwa juu
na kichwa peke yake kikabisha.
Shingo yangu inajua. Imeulizwa mara mia sita na kumi na mbili.

Ya kwanza ina pembe. Napitisha uzi wa kiatu juu yake,
unanasa. Naiweka kando.
Baba, aliyekunja miavuli ya jeshi miaka kumi na tisa
akatuachia Kiswahili cha kambini na pasi ya mkaa,
alikuwa akisema: kamba haina macho,
lakini pembe huiona.

Zimebaki mbili.
Natoa glavu begini. Nafumba macho.
Hapa ndipo ninaponunua, si penye bei.

Maana Januari nilimrukia Mzee Tumwesigye wa Ntungamo,
miaka sitini siku ile, tai chini ya ovaroli,
amefungwa kifuani pa Olupot kama mtoto wa mbeleko.
Alianguka kutoka futi elfu kumi
akicheka hadi jino la mwisho likaonekana,
sekunde thelathini na tano, Naili iking'aa nyuma ya sikio lake,
nami mita mbili mbele yake, uso kwa uso.
Kidole kilikuwa kimebonyeza mara mbili.
Kuwasha. Kuzima.
Kwenye kadi: nyasi za Kimaka kabla. Nyasi za Kimaka baada.
Alikunja risiti, akasema,
"Basi wajukuu wataniamini, au wataacha."
Wameacha. Alinipigia simu kunijulisha.

Ya pili, kitufe chake ni kama ndizi iliyoiva,
kinabonyea tu, hakisemi kitu.
Ya tatu inagota chini ya glavu.
Ikianza hulia mara moja. Ikikoma, mara mbili.

"Naomba kuijaribu."
"Jaribu."
Naifunga utosini kwa leso, nateremka ngazi mbio,
tatu tatu, kichwa kikitikisika,
na nyuma yangu Kaggwa: "Mwizi! Mshikeni mwenye kilemba!"
Mlinzi wa chini ananidaka kiunoni.
Tunapanda wote, tukihema, kutazama ushahidi.

Picha imetulia. Ngazi zinateremka kama maji.
Mwanamke mwenye beseni la mananasi anakwepa,
hakuna hata kipande kinachoanguka.
Mlinzi anaomba irudiwe, ajione akinidaka.
Anajiona. Anaita wenzake.

Laki tisa. Tunamalizana kwa nane na nusu,
Kaggwa akiongeza betri moja bila kunitazama.

Kwenye ngazi, safari hii polepole,
nampigia Mzee. Aje Jumamosi, namwambia, bure,
ndege nitailipia mimi.
Kimya. Ng'ombe analia upande wake.
"Na kicheko," anauliza, "nacho kitarudi vilevile?"

Sina jibu.
Mkono uko mkobani,
kidole gumba kinabonyeza kwa mazoea.
Inalia, mara moja.