Kijiti cha Lami

Friji hili liliwahi kubeba migebuka kutoka Kibirizi.
Harufu haikutoka hata tulipolisugua kwa majivu.
Sasa ndani yake kuna beseni la spiriti (maji yangeganda)
na ndani ya spiriti vijiti vya lami,
vyeusi, vyembamba, urefu wa kiganja,
vimelala kama wanangu wa shangazi
chini ya shuka moja.

Ntahuga, mlinzi, huja kuuliza kila jioni
spiriti ikishatumika humwagwa wapi.
Namwambia ina lami.
Anasema tumbo lake halichagui barabara.

Mhandisi wa mkandarasi amevaa mikono mifupi.
“Baridi gani, dada? Buhigwe kuna theluji?”
Hakuna theluji.
Kuna Julai. Kuna saa kumi na moja alfajiri kule Manyovu,
ukungu umekalia migomba kama mkwe asiyeaga,
mawese yameganda chupani
na mama anaisogeza chupa karibu na jiko,
akisubiri, akiyatazama magaga yake.

Lami changa hupinda, hurudi.
Lami iliyopigwa jua miaka saba
hukauka kimyakimya kuanzia juu,
na usiku mmoja wa kipupwe hutaka kujikunja
isipate pa kujikunjia,
imeshikwa huku na huku, kilomita hamsini,
basi hupasuka, upande hadi upande,
mstari mwembamba kama unywele.
Mvua ya Novemba huusoma mstari huo bila miwani.

Kwa hiyo tunaizeesha kwanza:
saa ishirini ndani ya chungu cha chuma,
moto na hewa ya kubana,
miaka saba kwa siku moja.
(Mimi sijui ni nani aliyenitia chungu hicho.)

Kisha kijiti nakilaza juu ya nguzo mbili, ndani ya baridi,
nakishushia gramu mia,
nabonyeza saa.
Sekunde ya kumi, kimetulia.
Ya thelathini, kimeinama kidogo
kama mtu anayeamkia wakubwa.
Hicho ndicho ninachokitaka.
Watu hudhani barabara njema ni ngumu.
Barabara njema inajua kuachia.

Pipa la kumi na nne halikujua.
Sekunde ya ishirini na mbili: tak.
Sauti ndogo, kama njiti ya kiberiti.
Nikarudia. Tak.
Cha tatu nikakiombea kimoyomoyo,
mimi ambaye sipaswi kuombea kitu humu ndani.
Tak.

Mhandisi akatazama fomu, akatazama dirisha,
malori foleni, dereva wa greda amelala mdomo wazi.
“Andika imefaulu. Ufa ukitokea, tutaziba.”
Nikamwambia huo si mpango, huo ni nusu ya methali.
Nikaandika ishirini na mbili.
Nikaandika kumi na tisa. Ishirini.
Nikatia saini, Yusta Bandihai,
kalamu yenyewe ikikwama kwa baridi.

Malori yakageuza. Yalichukua muda mrefu kugeuza.

Usiku nikayayeyusha mawese kwenye kijiko,
nikampaka mama visigino,
kidole gumba kikafika kwenye ule wa zamani,
mrefu, uliogusa nyama.
“Unapima nini?” akauliza.
Sipimi, mama.
Akanyoosha mguu wa pili.