Siku ya Sita, Barabara ya Kumi na Mbili

Jumatatu niliapa mbele ya nesi Shekilindi,
kituo cha afya Makorora, mkono juu ya kadi:
chapati basi, andazi basi,
chai ya vijiko vinne vya sukari, talaka tatu.
Akacheka, akaandika namba yangu
kwa kalamu nyekundu, akaipigia mstari chini
kama mimi ninavyopiga chaki penye pindo.

Nikarudi Ngamiani na mfuko wa dona,
maharage kilo mbili, matembele mafungu manane,
na pumba za ngano alizoniuzia kijana wa Mgandini
akiniapia kwamba hata madaktari wanazila.
Mwanahawa akazitazama.
"Hizi si za kuku?"
Sikumjibu. Mtu aliyeamua kuishi miaka mia
hana muda na maswali ya jikoni.

Siku ya kwanza nilijiona mwepesi.
Ya pili nikasema, tumbo linajifunza.
Ya tatu nikachuchumaa hadi miguu ikafa ganzi,
nikihesabu misumari ya bati,
kumi na tisa, mmoja umepinda,
na nje Semkiwa wa chumba cha nne anagonga ndoo:
"Fundi, umehamia?"

Nyumba yetu vyumba sita, choo kimoja.
Siri ya tumbo haikai humo.
Kufikia Ijumaa kila mtu ana dawa:
mama Semkiwa ukwaju, bibi Nunu mafuta ya nyonyo,
na mpangaji mpya, hata jina sijalishika,
kaniletea papai bivu ndani ya gazeti,
akanikabidhi kwa mikono miwili, kama rambirambi.

Nami niko kwenye cherehani, nimekalia upande,
suruali ya harusi ya Semkiwa inanisubiri,
na humu ndani donge
kama uzi uliojisokota chini ya bamba:
ukiuvuta, unakaza;
ukiuacha, upo.

Siku ya sita nikarudi Makorora.
Nikasema chinichini, wasisikie wa kwenye benchi:
"Sista, huku... kumefunga."
Hakushtuka.
"Maji unakunywa?"
"Nakunywa."
"Glasi ngapi?"
Nikaitafuta glasi hiyo kichwani,
Ijumaa, Alhamisi, Jumatano,
sikuiona.

Maana mimi, tangu nianze ufundi,
kiu yangu iliishi ndani ya chai:
kikombe alfajiri, kikombe saa nne,
viwili baada ya adhuhuri, kimoja cha kufungia duka.
Nilipoiacha chai
yaliondoka nayo maji yangu yote,
pumba zikabaki tumboni, kavu,
zikingoja kuloweshwa
kama kitambaa kipya kabla ya mkasi.

"Cherehani yako unaitia mafuta?"
Kila asubuhi. Matone matatu. Sijakosa siku.
Akanyamaza, akanitazama tu,
nikaona haya kuliko siku zote sita.

Basi maji nimeyavulia nguo.
Chupa ya lita moja na nusu iko kando ya futi,
nimeichora alama kwa chaki: saa nne, saa saba, saa kumi.
Pumba wamepewa kuku, Mwanahawa hakusema neno,
alitabasamu tu akizimwaga, na hilo lilitosha.
Dona imebaki. Matembele yamebaki.
Jioni naiacha baiskeli ukutani
naenda kwa miguu hadi Raskazone, narudi
nikisikiliza ndani, kama anayesubiri barua.

Jana, kabla ya adhana,
nikaanza tena kuhesabu misumari.
Nilifika wa saba.

Nilipotoka Semkiwa alikuwa mlangoni na ndoo yake.
Akaniangalia usoni, akaelewa,
akanipa mkono kama ampavyo mtu aliyerudi safari ndefu.
"Hongera, fundi," akasema.
"Sasa, suruali yangu?"