Ushanga Majini

Daktari Liang haijaribu asali kwa njiti ya kiberiti
kama wanunuzi wa Mwembe Tayari,
wala haimwagi mchangani aone itajiviringa vipi.
Yeye huipika.
Ganjoni, ghorofa ya pili, juu ya fundi saa,
sufuria moja nyeusi, moto wa kunong'ona.
Anaengua povu, anangoja viputo vizeeke,
kisha anadondosha tone katika bakuli la maji baridi.
Likitawanyika, bado.
Likitua chini, duara,
kama ushanga uliokatika shingoni,
hutamka neno moja la kwao na kuzima moto.

"Mbichi yapoza," aliniambia siku ya kwanza,
kwa Kiswahili alichookota kwa wauza mboga wa Marikiti.
"Ikipikwa, yapasha tumbo."
Nikacheka moyoni: kitu kimoja, tabia mbili?
Kisha nikamkumbuka mume wangu
kabla ya chakula, na baada.

Asali yangu ni ya mikoko, huko Jomvu,
mizinga kumi na minne juu ya tope.
Maji yakijaa naifuata kwa mtumbwi,
yakitoka, kwa magoti.
Mwisho wake, ulimini, ina chumvi kidogo.
Wateja hunirudishia chupa.
Yeye alifumba macho, akameza:
"Hii, Umatsi, yaijua njia ya figo."
Jina langu ni Umazi. Nilimwachia.

Kwake nimeona urukususu ukikaangwa na asali
hadi usinate vidoleni;
nimeona majani ya mforosadi, ya kikohozi kikavu,
yaking'aa kama yaliyonyeshewa;
nimeona kijana wa gereji, mkono umebabuliwa na mvuke wa rejeta,
akipakwa, akiapa, akinyamaza.
Na vidonge: unga wa mizizi niijuayo kwa harufu tu,
ukikandwa na asali ingali moto,
ukiviringishwa kiganjani, kimoja kimoja,
vikubwa kama kete za bao.
"Wewe wadhani asali ni utamu," alisema.
"Ni kamba. Inaifunga dawa
isikimbie. Iende polepole, ifike."

Mwaka ule mvua ilipotukimbia
niliongeza maji ya sukari.
Si mengi.
(Kila mwizi husema si mengi.)
Nikapanda ngazi na mtungi wa lita tano,
nikasalimu kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Tone la kwanza likayeyuka.
La pili.
Akaongeza moto, akasubiri, akadondosha la tatu,
na maji yakawa manjano tu, kama yaliyooshewa vikombe.
Hakuniuliza.
Alinihesabia pesa zote, noti kwa noti,
akazilaza mezani mbele yangu.
Juu yake akaweka bahasha ya karatasi:
"Dawa ya mama. Kifua.
Nilikuwa nangoja asali yako niifunge."

Unga mtupu, mwepesi.
Pesa sikuzichukua; bahasha niliichukua.
Mama, Bi Mbodze, aliutia kijiko kinywani
na kikohozi kikautoa wote,
ukatua kwenye kanga, kwenye mto, kwenye nyusi zangu.
"Chungu," akasema, "na wala hakikai."

Usiku maji yalikuwa yametoka.
Nilikwenda kwa magoti hadi mzinga wa mwisho,
ule niliowaachia nyuki wenyewe, akiba yao ya njaa.
Nikakata sega moja. Waliniuma shingoni
na sikuwalaumu.

Sasa nimepuliza jiko,
nimeengua povu kwa kijiko cha chai,
bakuli liko sakafuni, na taa kando yake.
"Umazi," mama anaita kutoka chumbani,
"wapika nini saa hizi?"
Sijamjibu.
Tone limeachana na kijiko.
Nimeinama.