Fundo Moja, Mafundo Mawili

Mashua hii imenizidi umri kwa miaka minne.
Jina lake Svala, yaani mbayuwayu,
na tangu Oktoba imekalia magogo nyuma ya ghala la Ketill,
theluji ya Aisilandi imeipaka ubavu mmoja tu,
ule unaotazama bahari.
Baba kanipa ufunguo, akasema:
"Betri inakufa kila usiku. Mtafute anayeinyonya."

Nikabandua ubao wa sitaha, nikazamisha kichwa na tochi.
Jamani.
Waya juu ya waya,
kama matumbo ya chewa yaliyosahauliwa kwenye karai.
Tepu imeyeyuka ikawa lami.
Shaba imeota ukijani.
Fyuzi moja haikuwa fyuzi, ilikuwa karatasi ya sigara,
ile ya ndani, inayometameta.
Na chanya, naapa, chanya ni nyeusi huku,
nyekundu kule,
na kwenye pampu ya ngama nyaya zote mbili nyeusi,
mapacha waliokataa kutambulishwa.

Mimi ni fundi wa umeme. Nina cheti, kina muhuri.
Nikacheka mle chini hadi nikagonga kisogo.
"Baba! Mlevi gani alikufungia nyaya hizi?"
Alikuwa nje, anapigapiga buti kukung'uta theluji.
"Mimi," akasema.
Buti likaendelea kupiga.

Siku ya kwanza nilikata. Siku ya pili nilikata.
Mita ikasoma volti kumi na moja nukta mbili,
kisha nikamkamata mnyonyaji:
redio ya kaseti, imezimwa lakini haijalala,
usiku kucha inalinda saa yake
ambayo hata hivyo si sahihi.

Nikaleta betri mbili mpya,
moja ya kuamsha mashine,
moja ya taa na kipima kina,
na kati yao swichi nene,
ili mmoja akizidiwa na usingizi
mwenzake abaki macho.

Siku ya tatu ndipo nilipoziona zile nyuzi.
Sufu ya kijivu, imefungwa shingoni mwa kila waya niliokata.
Nilikuwa nimezidhania uchafu.
Fundo moja. Mafundo mawili. Fundo moja.
Nikaokota mabaki kwenye ndoo, nikayapanga sakafuni, nikapima:
fundo moja, chanya. Mafundo mawili, hasi.
Omo hadi shetri, miaka arobaini,
hakuna kosa hata moja.

Nikamwita. Nikamnyoshea nyaya mbili mpya.
"Nyekundu ni ipi?"
Akazigeuzia dirishani. Akakawia.
Kidole gumba chake kikapita juu ya plastiki,
kikapapasa, kikirudi, kikitafuta.

"Siku ya kupimwa macho kwa ajili ya leseni," akasema,
"mama yako alikaa kando yangu.
Akanikanyaga mara moja kwa nyekundu,
mara mbili kwa kijani.
Salvör alikuwa na kisigino kizito."

"Na usiku, baharini, taa za wenzako?"
"Nyekundu," akasema, "ni ile iliyochoka."

Hakuongeza neno. Akaenda kuchemsha kahawa,
nami nikabaki na ndoo yangu ya mafundo
na cheti changu chenye muhuri.

Nimevuta uzi kwenye mkono wa sweta langu.
Nyekundu yangu ni nyekundu, nyeusi yangu ni nyeusi,
mkaguzi akija hatapata pa kunishika,
lakini shingoni mwa kila waya nimefunga,
moja, mawili, moja,
na mkono wa sweta sasa unaishia kwenye kiwiko.

Pampu imekohoa, imetema maji meusi na gamba la kome.
Imebaki kubana skrubu, kupaka grisi kwenye vichwa vya betri,
na kumweleza Bergsveinn, taratibu, kahawa ikishapoa,
kwamba karatasi ya sigara
si fyuzi.