Usirushe Bado

Iliachwa mezani kwangu, Majengo, nyuma ya soko,
kompyuta mpakato yenye bawaba iliyolegea
na kikaratasi cha gundi: Mwl. Mbeleje, feni inapiga kelele.
Feni niliitibu siku ileile.
Mwenyewe hakurudi.
Mvua zikaja kama zinavyokuja Dodoma,
mbili na samahani,
hakurudi.

Ndani yake nikakuta chombo cha angani,
vita vimepangwa kwenye Rahisi.
Nilimaliza kwa juma moja, nikacheka,
nikahamishia Ngumu,
na Ngumu ikanifuta kabla chai haijapoa.

Nimekufa mara thelathini na moja.
Niliandika kwenye daftari la madeni,
kati ya "Sechelela, kioo, elfu kumi na mbili"
na "Ndahani, chaji, bado":
nimekufa kwa moto, chumba cha injini;
nimekufa kwa kuishiwa mafuta;
nimekufa kwenye ugomvi ambao hakuna aliyeniita.
Nimekufa tajiri, na hicho ndicho kilichoniuma,
vyuma mia mbili stoo, ngao haina kitu,
kama mtu aliyekufa njaa
amelalia gunia la uwele.

Rahisi inasahau. Ngumu inaweka kumbukumbu.

Basi nikaanza kucheza kama tunavyooga Chang'ombe
wiki za mgao, maji Jumanne na Ijumaa:
kila ndoo ina kazi mbili kabla haijamwagwa.
Umeme wa chombo hautoshi vyumba vyote.
Nikainyima zahanati, nikaipa ngao;
nikainyima ngao, nikazipa injini,
nikakimbia.
Kukimbia nako ni kucheza.
Hilo peke yake lilinigharimu vifo kumi.

Wahudumu wangu watatu niliwapa majina ya nyumbani:
Nyemo usukani, Malogo mizinga,
Mhembano fundi, kwa sababu kaka yangu Mhembano
hajawahi kushika bisibisi.
Moto ulipoingia sikuwatuma wauzime.
Nilifungua milango yote ya nje,
nikaiacha hewa iende zake,
moto ukakosa cha kupumua, ukalala.
Mhembano alichelewa kutoka.
Usiku huo nilimpigia simu kaka, sikuwa na la kumwambia.
Tukaongelea bei ya alizeti.

Na luku ya duka nayo!
Betri ya mwalimu haikai na chaji dakika tatu.
Uniti zikifika mbili nazima taa, nazima redio,
nabaki gizani na vumbi la soko puani,
sijui tena ni chombo kipi naendesha.

Sekta ya saba. Ganda limebaki pointi nne.
Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi,
mwanamke mwenye vumbi hadi magotini akasimama mlangoni:
"Nilihamishiwa Mpwapwa ghafla. Feni imepona?"
Akaifunua kabla sijaificha.

Alitazama muda mrefu.
"Nani kaiweka Ngumu?"
Nikajikuna shingo.
"Wengine wako wapi? Humu yumo Nyemo tu."
Nikasema: mmoja moto.
Malogo nilimwacha kwenye chombo cha adui
nilipokimbia.
Akaitikia kwa kichwa, polepole,
kama anayesoma mahudhurio na kufika kwenye jina lililokatwa.

Kisha akavuta kigoda cha wateja,
mkoba mapajani, miwani juu ya pua.
Adui yuko mbele yetu, mkubwa, ngao tatu.
Mizinga yetu mitatu, mmoja umejaa,
na kidole changu kinakimbilia kitufe.
Akanipiga kofi dogo la mkono.

"Usirushe bado," akasema.
"Ukirusha mmoja mmoja, ngao inameza. Ngoja ijae yote."

Nje mtu anauliza bei ya chaja.
Hatumjibu.
Wa pili unajaa.